Toa pumzi kwanza: namna ya kupimwa na kuvaa ukiwa na mwili wa miaka hamsini

Nikimzungushia mwanaume futi kiunoni, huwa najua kabla sijasoma namba kama amevuta tumbo ndani. Tumbo linakuwa gumu chini ya vidole, mabega yanapanda, na mazungumzo tuliyokuwa nayo yanakatika, maana mtu aliyebana pumzi hawezi kuongea. Nina miaka 29 kwenye cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na miaka 53 ya umri. Wanaovuta tumbo ni rika langu, na suruali iliyopimwa kwa pumzi iliyobanwa haijamkaa vizuri hata mmoja wao.

Kwa hiyo anza hapo. Kabla ya kupimwa toa simu, pochi na funguo mifukoni. Simama miguu ikiachana kidogo, mikono ining'inie. Vuta pumzi, kisha iachie yote, kama unavyoiachia ukikaa kitini baada ya kazi, ndipo fundi asome. Akikuuliza unavaa namba ngapi, mwambie hujui, apime.

Namba uliyoizoea inakudanganya, nawe huna kosa. Tumbo la mwanaume likikua, suruali inateremka chini yake, na huko chini mwili haubadiliki sana. Nina mteja dereva wa lori aliyeniapia kwamba yeye ni 36 tangu siku ya ndoa yake. Chini ya kitambi nikapata 36 kweli. Juu ya kitovu nikapata 43. Aliitazama ile futi akanyamaza muda mrefu, nami nikanyamaza naye. Sikumtania, na fundi wako naye asikutanie. Akikutania, chukua kitambaa chako uondoke.

Kuna kipimo cha pili cha kuchukua siku hiyohiyo, nacho si cha nguo. Tafuta kwa vidole mwisho wa mbavu ubavuni, kisha tafuta juu ya mfupa wa nyonga, uzungushe futi katikati ya hapo pawili baada ya kutoa pumzi. Shirika la Afya Duniani lina alama mbili kwa wanaume: kupita sentimita 94, yaani kama inchi 37, hatari ya sukari na maradhi ya moyo inaanza kupanda, kupita sentimita 102, inchi 40, inapanda sana. Huna futi? Kata kamba yenye urefu wako toka utosini hadi kisiginoni, ikunje katikati. Ikishindwa kukuzunguka hapo kiunoni, nenda kapime sukari na presha wiki hii. Yule dereva alikwenda. Angeendelea kuamini 36 asingekwenda, na ndiyo sababu nasisitiza hili la pumzi kuliko jambo lolote.

Sasa suruali. Amua inakaa wapi, juu ya kitovu au chini ya tumbo, umweleze fundi kabla hajashika mkasi, kwa sababu ni mikato miwili tofauti. Ikikaa juu, sehemu ya mbele, toka mshono wa kati hadi mkanda, iwe ndefu kuliko kawaida, na kila upande uwe na rinda moja litakalofunguka ukikaa. Ikikaa chini, mkanda wa mbele ushuke na wa nyuma upande, ili ukiinama mgongo usibaki wazi. Kwa vyovyote vile, aache inchi moja na nusu ya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma. Mwili wa umri wetu unaongezeka na kupungua, na ile akiba ndiyo itakayokuokoa usinunue suruali nyingine.

Shati pima mara mbili, ukiwa umesimama na ukiwa umekaa. Tumbo hutanuka ukikaa, na vifungo hukatika kwenye viti vya harusi, siyo kwenye kioo cha fundi. Usijifiche ndani ya shati kubwa. Mshono wa bega ukishuka hadi kwenye mkono, unaonekana umechoka hata ukiwa na afya tele. Bega likae kwenye mfupa wa bega, upana uongezwe kuanzia kifuani kwenda chini. Kwa sherehe mimi huwashauri wengi kaunda suti: koti halichomekwi, linateremka wima, na mpasuo wa nyuma unalipatia nafasi. Suruali za modo sikukatazi kwa sababu ya umri. Nitakushonea, ila nitaachia kidogo kwenye paja ili upande ngazi bila kuogopa mshono.

Niseme na upande wa pili, maana wanaume wenye kitambi si wao peke yao wanaoumia.

Nilipofika miaka 47 nilipungua kilo 16 ndani ya miezi saba. Ilikuwa sukari, wala sikujua. Nilijiona tu nina kiu na kwenda haja ndogo usiku kucha. Kwetu mwanaume akinenepa anaambiwa mambo yake mazuri. Akikonda, watu wanapunguza sauti. Mzee mmoja niliyemshonea kanzu miaka yote aliniuliza, "Fundi, umeanza dozi?" Nilimwelewa alichomaanisha. Nilianza kuvaa mashati mawili, moja juu ya jingine, katika joto la Tanga la mwezi wa pili. Mkanda nilitoboa matundu mapya manne. Suruali zangu mwenyewe, mimi fundi, sikuzipunguza, kwa sababu kuzipunguza kungekuwa kukubali. Mke wangu ndiye aliyezichukua usiku mmoja, akaziweka kwenye meza ya cherehani na kusema, "Baba, zikate."

Nikazikata. Pale ndipo nilipoanza kuuvalisha mwili niliokuwa nao.

Kama umekonda, punguza nguo zako mapema, usingoje unene urudi. Anza na mabega ya koti, kisha kiuno, mwisho miguu. Kisha tayarisha jibu lako ukiwa nyumbani, ulifanyie mazoezi kwa sauti. La kwangu ni hili: "Nina sukari, natumia dawa, naendelea vizuri." Lina maneno machache na halimwachii mtu nafasi ya kubuni. Kama ugonjwa wako ni siri yako, "Namshukuru Mungu, niko chini ya daktari" linatosha, na hudaiwi zaidi. Na ukimwona mwenzako amebadilika, usianze na mwili wake. Muulize watoto, muulize kazi. Mimi mteja akirudi amepungua humuuliza swali moja tu: "Nikupunguzie wapi?"

Nywele. Ukitaka kupaka kanta, paka, mvi ni zako. Ila ile rangi nyeusi mara nyingi ina kemikali ambayo mwili wa baadhi ya watu huikataa: uso unavimba, kichwa kinatoa malengelenge. Weka tone nyuma ya sikio, ungoje saa 48. Ikiwasha, acha kabisa, na rangi nyingine nyeusi usizijaribu. Kipara kinapoanza, mwambie kinyozi ashushe nywele za pembeni zilingane na za juu. Kuzivusha nywele chache toka upande mmoja kwenda wa pili kunakufanya mtumwa wa upepo, na Tanga upepo wa bahari haupumziki.

Dawa za kukata tumbo naziogopa, nikiri wazi. Chai nyingi za namna hiyo zina sanamaki, ambayo inakuharisha. Mzani unashuka kwa sababu umepoteza maji, na mafuta yamebaki palepale. Nyingine ni hatari zaidi. Sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi, na baadaye imekutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba mitupu. Rafiki yangu alinunua chupa isiyo na lebo. Moyo ulimwenda mbio siku tatu hata kulala akashindwa. Kabla hujameza, muulize mfamasia kama dawa hiyo imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Hizo sindano za kukuza misuli wanazouziana vijana mazoezini usiziguse. Homoni ya kiume ikiingia kutoka nje, mwili huacha kutengeneza yake, na mbegu za uzazi hupungua.

La mwisho ni kuvua shati mbele ya watu. Kwangu lilikuwa gumu kuliko yote. Baada ya kukonda, ngozi ya tumbo ilibaki imelegea kama mfuko, na kwa miaka minne nilikwenda Raskazone, pwani ya kuogelea hapa Tanga, nikakaa na fulana ukutani nikiwatazama wenzangu wanaogelea. Nikupe njia niliyotumia. Nenda Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wazee ndio wengi. Nenda na mtu mmoja anayekujua. Jifunge kikoi, fika ukingoni mwa maji, vua fulana na kikoi kwa pamoja, utembee moja kwa moja mpaka maji yafike kifuani bila kusimama njiani. Siku ile mzee mmoja mwenye kovu la upasuaji toka kifuani hadi kitovuni alinipungia mkono akiwa majini, akanionyesha pasipo na mawe.

Pensi ya kuogelea usinunue yenye lastiki peke yake, maji huivuta chini. Ipeleke kwa fundi akupitishie kamba ndani ya mkanda. Ni kazi ya dakika kumi, na ukija kwangu nakufanyia ukiwa umekaa hapohapo unasubiri.