Kabla Hujaliamini Gazeti, Mjue Mwenyewe

Wateja wangu wa magazeti hapa Barabara ya Digo hawachoki kuniuliza: "Mzee, hili ni la serikali ama la upinzani?" Mimi huwajibu kwamba gazeti lina mwenyewe, na wenyewe hubadilika. Mfuate huyo.

Chukua The Standard, maana lilizaliwa papa hapa Mombasa. Alilianzisha Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1902, mfanyabiashara kutoka Karachi aliyekuwa na kandarasi za reli, likiitwa African Standard. Mwaka 1905 akawauzia Waingereza, likawa East African Standard, na 1910 likahamia Nairobi. Jeevanjee akaenda kuwatetea Wahindi katika Baraza la Kutunga Sheria huku gazeti aliloliasisi likiwa sauti ya walowezi! Miaka ya 1960 likanunuliwa na Lonrho, kampuni ya London, na miaka ya 1990 likaingia mikononi mwa watu wa karibu na Rais Moi. Kisha Machi 2006, Kibaki akiwa madarakani, polisi waliofunika nyuso wakalivamia na kuchoma nakala zake. Anayekwambia gazeti hilo lina msimamo mmoja tangu zamani hajui anachosema.

Basi anza na yale maandishi madogo yanayotaja kampuni inayolichapisha. Standard Group na Nation Media Group zimo katika Soko la Hisa la Nairobi, kwa hivyo ripoti zao za mwaka huorodhesha wenye hisa wakubwa. Kampuni isiyo sokoni, omba CR12 yake, hati ya msajili wa kampuni, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone wakurugenzi na wenye hisa. Ukikuta mwenye hisa ni kampuni nyingine, iombee nayo. Usichoke njiani, maana jina unalolitafuta mara nyingi liko hatua ya pili au ya tatu.

Matangazo nayo yaangalie: nani hununua kurasa nzima? Mwenye kulipa vile huogopwa na mhariri.

Halafu nunua mawili ya siku moja, ya nyumba tofauti za uchapishaji. Taifa Leo na Daily Nation ni nyumba moja, ile aliyoiasisi Aga Khan, kiongozi wa Waismailia, 1959, kwa hivyo hao si mashahidi wawili. Chagua habari inayokugusa. Sisi wa Mombasa tuna bandari: Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi huku. Habari kama hiyo itazame hivi: imewekwa ukurasa wa ngapi? Anayenukuliwa kwanza ni waziri au dereva wa lori? Kuli wa Kilindini ametajwa popote? Fanya hivyo wiki nzima, kwani siku moja huenda ni haraka tu ya chumba cha habari.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni siku mwenye gazeti anaposhtakiwa au biashara yake nyingine inapochunguzwa. Siku hiyo soma magazeti ya wapinzani wake kwanza, ndipo ufungue lake, uhesabu kilichokosekana.