Mtoto akilia jioni: namna ninavyombembeleza mjukuu

Huku kwetu Igogo, Mwanza, mtoto mchanga akilia mara mbili, jirani wa kwanza atasema chango, wa pili atasema jicho. Mimi naanza na nepi.

Nepi ikiwa kavu, gusa shingo kwa nyuma. Viganja na nyayo usivitegemee, hivyo huwa baridi hata mtoto akiwa mzima. Nyumba zetu za mlimani ni za bati na zimezungukwa na mawe. Ikifika saa tisa mchana mawe yote yameshiba jua, halafu unamkuta mtoto kafungwa shali mbili na kofia ya sufu juu. Shingo ikiwa na jasho, mpunguze nguo. Kagua na vidole vya miguu kimoja kimoja. Uzi wa soksi au unywele wa mama hujizungusha pale ukakaza, mtoto akalia na hakuna anayejua kwa nini.

Kisha titi, hata kama katoka kunyonya sasa hivi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na jioni wengi hutaka mfululizo. Mawifi watasema maziwa hayatoshi. Waache waseme, kadi ya kliniki ndiyo itakayosema kama uzito unapanda. Akimaliza mcheulishe: kidevu begani kwako, kiganja mgongoni, taratibu.

Yote hayo yakiwa sawa na bado analia, hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kilio cha jioni kisicho na sababu huanza kwenye wiki ya pili hivi, hupanda mpaka wiki ya sita, kisha kinashuka. Kufika mwezi wa tatu au wa nne wengi wameshaacha. Mama akiniuliza kakosea wapi, namwambia ahesabu wiki.

Chukua mbeleko. Shingo ikiwa bado haijakaza, mimi simfungi mgongoni. Namfunga kifuani, uso nauona, kidevu hakijazama kifuani mwake, magoti yamekunjwa na kutanuka kama ya chura. Halafu tembea. Kusimama palepale na kumrusharusha si kutembea. Mimi nashuka vijia vya mawe mpaka kwa fundi cherehani na kurudi, mwendo uleule, wala sisimami kusalimiana. Wanaonijua napungia mkono tu. Watafiti wa Japani walilipima jambo hili wakaliandika mwaka 2022: mtoto anayelia akibebwa na kutembezwa dakika 5 hutulia, na karibu nusu yao husinzia. Akishasinzia, keti naye umempakata dakika 5 hadi 8 nyingine ndipo umlaze. Hapo pa kuketi ndipo vijana wanaparuka, mtoto akigusa godoro macho hayo, wanakuja kuniambia kutembea hakusaidii.

Sauti nayo ina kazi yake. Si lazima ujue kuimba. Toa "shhh" ndefu karibu na sikio, ipande kidogo akipandisha, uishushe akishuka. Mvua ya alfajiri inayotoka ziwani ikipiga bati, huyu wangu analala fofofo. Kiangazi naweka redio katikati ya stesheni mbili, ule mvumo unatosha, ila sauti iwe ndogo na redio ikae mbali naye. Mimi nakaanga sangara, kwa hiyo kabla ya kumshika navua gauni la jikoni na kunawa hadi kwenye viwiko. Moshi unamchoma macho, tena si mzuri kwa kifua chake.

Dawa ya chango, maji ya sukari, mizizi ya kuchemsha, chale tumboni: kwangu havipiti mlangoni. Mpaka miezi 6 ni titi peke yake. Akilala, mlaze chali ndani ya chandarua, bila mto.

Ila kuna kilio kisichobembelezwa. Chini ya miezi mitatu, joto la mwili likifika 38, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo. Malaria kanda hii tunaijua. Hali kadhalika akikataa titi, akilegea, akitapika kijani, akipumua kwa shida, utosi ukivimba au akipata degedege.

Na wewe mwenyewe ukiona hasira zinapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje, kaa juu ya jiwe dakika chache, ita mtu. Usimtikise hata kidogo: shingo yake haiwezi kukizuia kichwa, ubongo unagonga fuvu na damu huvuja ndani. Mimi huwa naitwa. Karai likiwa motoni nasema ngoja niepue samaki, kisha nakuja kumpokea.