Namna ya Kuwaonyesha Wasichana Kazi Yako ya Sayansi Mtandaoni

Dada unayefanya kazi maabara au kwenye shamba la utafiti hapa Nyanda za Juu Kusini, anza na mikono yako, si na joho la mahafali. Niliwahi kuweka picha ya mahafali nikapongezwa sana, lakini hakuna msichana aliyeniuliza lolote; nilipoweka video fupi ya kuchavusha maharage, maswali yaliingia hadi usiku.

Chagua tendo moja, kisha lirekodi kwa karibu. Ua la maharage hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mtafiti anayetafuta mbegu mpya hulifungua tumba kabla halijachanua, huondoa stameni, yaani sehemu za kiume, kwa kibano, hupaka chavua ya aina nyingine kwenye stigma, yaani ncha ya sehemu ya kike, kisha hufunga uzi wenye lebo inayotaja wazazi wote wawili. Eleza hayo kwa Kiswahili, na useme wazi kwamba maua mengi hudondoka bila kutoa hata ganda moja.

Halafu simulia njia uliyopita: shule ya kata uliyosoma, tahasusi uliyochukua, iwe PCB (fizikia, kemia na biolojia) au CBG (kemia, biolojia na jiografia), aliyekulipia ada, na mtihani uliowahi kuurudia. Wengi wetu huficha hapo, nami naona tunakosea, kwa sababu msichana wa Rungwe au Makete anayemwona profesa aliyekwisha kufika humshangilia tu, lakini akisikia habari za ada na mtihani huanza kujipima. Hata Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya ambaye picha yake husambazwa kila tarehe 11 Februari, Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi, mtaje pia kama mtaalamu wa anatomia ya mifugo aliyepata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, miaka 33 kabla ya Tuzo ya Nobel.

Video isizidi dakika moja, maana bando ni ghali. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu, hivyo iweke wakati wa likizo, na uwatumie walimu wa biolojia moja kwa moja. Usionyeshe jina wala sampuli ya mgonjwa, na sura ya mwanafunzi isionekane bila ridhaa ya mzazi.

Msichana akikuandikia faraghani, mjibu alichouliza, na umwombe amshirikishe mzazi au mwalimu. Nanenane ikifika, waalike wote viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, umpe kila mmoja kibano na ua moja alifungue mwenyewe.