Bogenvilia imefunika geti? Ikate kipindi hiki cha baridi

Huku Dodoma mvua zikishakata bogenvilia ya getini unaisahau, unakuja kushtuka mwezi wa saba imeshavuka ukuta na mgeni akibisha hodi anachanwa na miiba. Sasa huo ndo muda wa kuikata, baridi na ule upepo wa asubuhi, mmea umetulia.

Vaa glavu nene na shati la mikono mirefu, sikutanii, mimi niliingia na kandambili nikatoka na mwiba kisiginoni. Kama imefika kwenye waya za umeme acha, waite Tanesco kwanza.

Anza na matawi makavu, toa hadi kwenye shina. Halafu kuna yale yanayochomoza chini kabisa yananyooka kama fimbo bila ua hata moja, hayo nayo toa. Yanayobaki fupisha, ila kama mti ni mzee usizidishe theluthi moja, nyingine mwakani. Kata juu kidogo ya jani kwa makasi makali, tawi nene tumia msumeno, panga linachana tu linaacha kidonda kibaya.

Watu wanaogopa eti maua yataisha, wapi, bogenvilia inatoa maua kwenye matawi mapya kwahiyo ukikata ndo unayaita. Maji usimwage kila siku, inapenda ukavu, ukizidisha maji na samadi utavuna majani matupu.

Matawi uliyokata usiyaache njiani, miiba yake ikikauka inatoboa tairi la bodaboda fasta.