Kufanya Halloween Mombasa: boga, shairi mlangoni na mkate wa pete

Mwezi wa kumi ukikaribia kuisha watoto waanza kuulizia Halloween, ule usiku wa 31 Oktoba wa taa za maboga, kujigeuza sura na kupita milangoni, na wakubwa nao waanza kuuliza kama hiyo si ibada ya shetani. Ilivyoanza ni hivi: wakulima na wafugaji wa Ireland na Scotland walikuwa na sikukuu yao Samhain, usiku wa 31 Oktoba kuamkia 1 Novemba, mavuno yameisha, ng'ombe washarudishwa kutoka malishoni, baridi yaingia, na iliaminika usiku huo wafu na majini wanapita huku kwetu, basi watu wakawasha mioto mikubwa. Kanisa nalo likaweka Watakatifu Wote 1 Novemba na marehemu wote tarehe 2, mambo yakachanganyikana.

Anza na taa ya boga. Zamani walichonga tanipu, huo mzizi mgumu jamaa ya figili, manake ndio waliokuwa nao shambani, na hadithi yake ni ya Jack, mlevi mjanja aliyemchezea shetani mpaka alipokufa, mbinguni hatakiwi na motoni hatakiwi, akapewa kaa moja la moto akalitia ndani ya tanipu azunguke nalo gizani. Njaa ya viazi kuoza mashambani Ireland, iliyoanza 1845, ilipowafukuza Waairishi wengi mpaka Marekani wakakuta kule maboga, makubwa na laini kuchonga. Kwa hivyo boga la soko la Kongowea ni halali kabisa, asikwambie mtu lazima liwe la rangi ya machungwa.

Chagua lenye kitako bapa lisibiringike, kata mfuniko upande wa kikonyo, kisu ukilaze ili mfuniko usitumbukie ndani, halafu komba mbegu na nyuzi kwa kijiko cha chuma. Nyama ya ndani usitupe, hiyo ni boga la nazi la kesho, na mbegu kaanga na chumvi. Chora uso kwa kalamu kwanza ndio ukate, toboa na mfuniko moshi upate pa kutokea. Chonga siku hiyo hiyo, kwa joto letu ukichonga Jumatatu, Alhamisi lishanuka na nzi wamejaa. Mshumaa utie ndani, boga uliweke mbali na mapazia.

Nguo ni rahisi, magunia na kanga kuukuu zatosha, kule walijifunika sura wakisema mizimu isiwatambue, hayo mabarakoa ya plastiki mimi siyapendi.

Kupita milangoni: Uingereza maskini walipewa vikeki wawaombee marehemu wa nyumba hiyo, na Scotland mtoto haambulii kitu mpaka aimbe au atoe shairi. Fanyeni hivyo, nyinyi mna mashairi kuwashinda, mtoto aghani beti mbili ndio apewe kashata au mabuyu. Ongea na majirani mapema, na asiyetaka mlango wake uruke.

Mwisho mkate wa Ireland wenye zabibu kavu, wao huuita barmbrack, ndani huficha vitu vya kubashiria, atakayepata pete ataolewa au ataoa mwaka huo, sarafu ni utajiri, kitambaa ni ufukara (hapo ndipo kelele huanza). Osha pete vizuri, funga kila kitu kwa karatasi ya kuokea, na watangazie wageni kabla hawajauma, watoto wadogo uwakatie vipande ulivyovikagua mwenyewe.