Jinsi ya kuchagua amplifaya inayoendana na spika zako za sebuleni

Jamaa mmoja aliniletea spika zake mbili, twita (vile vispika vidogo vya sauti nyembamba) zote zimekufa, akaniambia fundi mimi sielewi, spika zimeandikwa wati 100 na amplifaya yangu ni ya wati 30 tu, itaziunguzaje? Nikamuuliza ulikuwa unafungulia mpaka wapi, akasema mpaka mwisho, kulikuwa na shughuli nyumbani. Hapo jibu nilishalipata na ntalieleza huko mbele, maana spika nyingi zinazofika mezani kwangu zimekufa hivyohivyo.

Kitu cha kushika ni hiki: anza na spika, fuata chumba, amplifaya iwe ya mwisho. Wengi wanaanza kununua amplifaya yenye namba kubwa halafu ndo wanatafuta spika za kuibebesha.

Hatua ya 1: Geuza spika usome mgongoni

Tafuta vitu vitatu: omu (ukinzani wa spika kwa umeme), wati (nguvu) na desibeli (ukubwa wa sauti). Tuchukue mfano Wharfedale Diamond 9.1, spika ndogo tu ya kuweka juu ya stendi, imeandikwa omu 6, amplifaya ya wati 20 mpaka 100, na sensitiviti desibeli 86. Watu wanakimbilia ile 100 na kuiruka ile 86, wakati 86 ndo inakwambia spika ina uvivu kiasi gani. Maana yake ukiipa wati 1 na ukakaa mita 1 mbele yake unapata desibeli 86.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ukitaka kuongeza desibeli 3 lazima wati uzidishe mara mbili, ukitaka kuongeza 10 uzidishe mara kumi, na hizo 10 ndo sikio linazisikia kama sauti imekuwa kubwa mara mbili. Kwa hiyo kutoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya 100 umeongeza desibeli 3 tu, tofauti utaisikia lakini ndogo kuliko hela uliyotoa. Spika ya desibeli 89 ukiifunga kwenye wati 50 inalingana sauti na ya 86 iliyopewa wati 100. Ndo maana mtu akiwa na bajeti ndogo mi namshauri atafute spika yenye sensitiviti ya juu kabla hajaanza kuwaza wati.

Kuna mtego mmoja. Kama spika ni ya omu 4 na imeandikwa desibeli kadhaa kwa volti 2.83, hapo imepimwa kwa wati 2, sio 1, kwa hiyo toa 3 ndo uilinganishe na ya omu 8.

Kama kibandiko kimebanduka, chukua mita ya fundi ya kupimia umeme, weka kwenye omu, pima kwenye nguzo za spika (pale waya zinapofungwa) ikiwa haijaunganishwa popote. Ikisoma kama 6 mpaka 7 hiyo ni spika ya omu 8, ikisoma 3 na kitu ni ya omu 4. Mita husoma chini kidogo kuliko kibandiko kwa sababu inapima waya wa koili (ule uliozungushwa ndani ya spika) peke yake, usishtuke. Ikigoma kusoma kabisa ujue koili imekatika au kuna waya umeachia ndani.

Hatua ya 2: Pima chumba chako

Chukua sebule ya kawaida, kutoka spika mpaka kochi ni mita 3. Kwenye uwanja wazi ungepoteza kama desibeli 9 na nusu kwa umbali huo, ila ndani kuta zinarudisha sauti na spika zenyewe ni mbili, kwa hiyo mimi huwa nakadiria hasara ya 4 hivi. Ile 86 inafika kwenye kochi ikiwa 82, na hiyo ni kwa wati 1 tu kila spika! Desibeli 82 sio sauti ndogo, hapo mtu wa pembeni inabidi umpazie sauti kidogo. Yaani siku nyingi unasikiliza muziki kwa wati moja au pungufu bila kujua.

Hizo wati nyingine ni za nini basi? Ni za vilele, ngoma ikipigwa, besi ikishuka, sauti inaruka desibeli 10 mpaka 15 juu ya wastani kwa kipande kidogo cha sekunde. Kutoka 82 kwenda 97 ni desibeli 15, hiyo ni kama wati 32. Kwa hiyo kwa spika hii na sebule hii amplifaya ya wati 40 mpaka 60 za kweli kwa kila upande inatosha na chenji inabaki. Ukumbi mkubwa, baraza au uani ni hesabu nyingine, huko kuta hazikusaidii.

Hatua ya 3: Jua wati za kweli na za mapambo

Ukiona PMPO (wati za kilele za matangazo), achana nayo, hiyo namba haina kipimo kinachokubalika na kila mtengenezaji anaandika anavyotaka. Tafuta neno RMS, yaani wati za kudumu, halafu angalia imepimwa kwa omu ngapi, pande zote mbili zikiwa zinafanya kazi, na kwa uchafu wa sauti (THD) wa asilimia ngapi. Wati 50 kwa asilimia 0.1 na wati 50 kwa asilimia 10 sio kitu kimoja, ile ya pili sauti imeshaanza kukwaruza zamani.

Halafu geuza nyuma usome inakula umeme kiasi gani. Hapa ndo namba ya mbele inapoumbuka. Kama imeandikwa inatumia wati 120 haiwezi kukaa inatoa wati 500 kwenye spika, nguvu haitoki hewani. Amplifaya za kizamani za klasi AB (aina ya saketi) zikisukumwa sana karibu nusu ya umeme inaishia kuwa joto kwenye hitisinki, lile bati la kupozea, za klasi D, aina mpya zaidi, zinapoteza kidogo sana. Kwa hizi za mtumba zenye transfoma, mi huwa nazinyanyua. Amplifaya nyepesi kama kopo halafu inajiita ya wati 300 na ndani ina transfoma, irudishe kwenye shelfu.

Kwa wanaonunua bodi za amplifaya za klasi D zenye IC (chipu) ya TPA3116D2, ile 2x50W iliyoandikwa ni kwa spika ya omu 4 na volti kama 21. Ukiilisha volti 12 kwa spika ya omu 8 hupiti wati 9, ukitumia chaja ya laptopu ya volti 19 unapata kama 20, ukiweka volti 24 unafika 30 hivi. Adapta nayo iwe na ampea za kutosha, 24 kwa ampea 5 ni sawa.

Hatua ya 4: Omu zisishuke chini ya amplifaya inavyoruhusu

Amplifaya ikiandikwa omu 4 mpaka 16, spika ya 4, 6 au 8 zote sawa. Ikiandikwa omu 8 ndo kiwango cha chini, usiipe ya 4, itavuta mkondo mara mbili, itachemka na siku moja transista zitaondoka. Kuwa makini na kuongeza spika: mbili za omu 8 sambamba (zote kwenye nguzo zilezile) ni omu 4, mbili za omu 4 sambamba ni omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi 2. Zile swichi za A+B, za kuwasha jozi mbili za spika pamoja, kwenye amplifaya nyingi ndo hufanya hivyohivyo.

Na kwenye bodi nyingi za klasi D usiunganishe nguzo nyeusi za kushoto na kulia pamoja, wala usizipeleke kwenye kasha la chuma. Pale sauti inatoka kwenye nguzo zote mbili, nyeusi sio ethi, ukizigusanisha unaweza kuua IC hapohapo.

Hatua ya 5: Kubwa kidogo ni salama kuliko ndogo inayolazimishwa

Turudi kwa yule jamaa wa twita. Amplifaya ikifika mwisho wa uwezo wake haiwezi kupandisha wimbi tena, inalikata kichwa na linakuwa bapa. Wimbi lililokatwa mpaka kuwa mraba lina nguvu mara mbili ya lile la duara lenye kimo kilekile, kwa hiyo ile ya wati 30 inaweza kusukuma karibu 60, tena bila kupumzika. Besi imeshagonga dari ila treble, yaani sauti nyembamba, inaendelea kupanda kila ukiongeza volyumu, na yote hiyo anapelekewa twita ambaye ndani ya spika ya wati 100 yeye mwenyewe huenda anavumilia wati chache tu. Koili yake ni waya mwembamba sana, inaungua.

Kwa hiyo kama huwa unafungulia sana, nunua amplifaya inayolingana na wati za spika au iliyozidi kidogo, halafu mkono wako uwe na adabu. Ukisikia sauti inapasuka au inakuwa kali ghafla, shusha, usisubiri wimbo uishe.

Hatua ya 6: Kabla hujachomeka spika

Kama amplifaya ni ya mtumba yenye transfoma, iwashe kwanza kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme, balbu ya kizamani yenye uzi ndani, sio LED. Ikimulika kidogo kisha ikafifia ni dalili nzuri, ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti ndani. Kama hujazoea umeme wa 230 mwachie fundi hatua hii.

Ikipita hapo, weka mita kwenye DC (umeme kama wa betri) upime kwenye nguzo za amplifaya za kufungia spika, bila muziki. Chini ya milivolti 50 ni safi. Ukikuta volti nzima nzima usifunge spika, DC hiyo itaisukuma wufa, ile spika kubwa ya besi, mpaka koili inuke moshi.

Waya tumia wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, usihangaike na wa bei mbaya. Funga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, halafu cheza wimbo wenye mwimbaji mmoja na ukae katikati. Sauti yake ikitokea katikati ya spika mbili uko sawa. Ikiwa imesambaa tu na besi imekonda, zima, geuza waya za spika moja tu, washa tena usikilize.