Kusoma sanaa na ubunifu sekondari: zoeza jicho kabla ya mkono

Wanafunzi wengi wa sanaa na ubunifu hupoteza alama kabla hawajagusa rangi, kwa sababu wanachora wanachokijua badala ya wanachokiona. Wanajua mdomo wa kikombe ni mviringo, basi wanauchora mviringo kamili, ilhali pale walipokaa mdomo huo unaonekana duaradufu nyembamba, yaani mviringo uliobanwa. Mwaka 1515 Albrecht Dürer, mchoraji hodari wa Ujerumani, alitoa chapa ya kifaru ambaye hakuwahi kumwona kwa macho yake. Alitegemea mchoro na maelezo ya watu wengine. Ustadi wa mistari ni wa ajabu, lakini kifaru yule amevikwa mabamba ya deraya na ana kipembe cha ziada mgongoni. Mkono mzuri haukuweza kuziba pengo la jicho, na kwa mwanafunzi ni hivyo hivyo.

Vifaa visikusumbue. Penseli tatu zinatosha: HB ya kupangia, 2B ya toni za kati (toni ni viwango vya mwanga na giza), 6B ya giza. Penseli za H, zenye risasi ngumu, ziache kwa michoro ya kiufundi. Hukwaruza karatasi na alama zake hubaki hata ukifuta. Karatasi ya ofisi ya gramu 80 kwa mita mraba hujikunja ikilowa. Kwa penseli tumia ya gramu 120 hadi 150, na kwa rangi ya maji isipungue 200.

Kuchora vitu vilivyopangwa mezani

Panga vitu vitatu vyenye urefu tofauti, viwili kati yake vikipishana, na uache mwanga mmoja tu kutoka ubavuni. Taa mbili huzaa vivuli viwili vinavyopingana, na hutajua kipi ukifuate.

Kabla ya kuchora, pima. Nyosha mkono mpaka kiwiko kinyooke kabisa, funga jicho moja, shika penseli wima. Ncha ilingane na kilele cha chupa, kisha telezesha kidole gumba hadi usawa wa kitako chake. Sasa chukua upana wa chupa kwa njia hiyo hiyo na uone unaingia mara ngapi katika urefu. Kama ni mara tatu, iwe mara tatu kwenye karatasi, ukubwa wowote utakaochagua. Vipimo huharibika kwa sababu mbili: kiwiko kukunjwa kidogo kwenye kipimo cha pili, jambo linaloileta penseli karibu na jicho, au ncha kuelekezwa mbele, kwenye kitu, badala ya penseli kubaki sambamba na uso wako.

Ukishapata vipimo, angalia pia nafasi tupu kati ya kitu na kitu. Umbo la nafasi hiyo likiwa sahihi, vitu vyenyewe vinakaa mahali pake. Njia hii husaidia sana kwa sababu ubongo hauna picha ya nafasi tupu iliyohifadhiwa tangu utotoni.

Kwa chupa, kikombe au sufuria, chora kwanza mhimili wa wima, kisha duaradufu zinazoukata. Kadiri duaradufu inavyoshuka chini ya usawa wa macho yako ndivyo inavyofunguka zaidi, kwa hiyo kitako cha chupa huwa na mkunjo mkubwa kuliko mdomo. Wengi hukichora kitako kwa mstari mnyoofu eti kwa kuwa meza ni bapa, na chupa ikaonekana imekatwa. Kosa jingine ni kuzifanya pembe za duaradufu kuwa kali. Ziviringe, hata pale zinapobana sana.

Toni ndiyo sehemu inayotofautisha kazi ya wastani na kazi nzuri. Chora visanduku sita pembezoni mwa karatasi, kuanzia weupe wa karatasi hadi weusi wa mwisho wa 6B. Kisha finya macho ukitazama mpangilio: maelezo madogo yatapotea na makundi makubwa ya mwanga na giza yatabaki. Hayo ndiyo ya kuweka kwanza. Kivuli kinachoanguka mezani huwa cheusi zaidi pale kitu kinapogusa meza, na hufifia kikienda mbali. Ukingo wa upande wa giza mara nyingi hupokea mwanga hafifu ulioakisiwa na meza. Uonyeshe, lakini usiung'arishe kufikia upande wenye mwanga, maana umbo litabonyea. Usisugue kwa kidole. Mafuta ya ngozi huacha madoa ambayo raba haiyaondoi. Na usiiogope 6B: mchoro usio na giza halisi hubaki kijivu chote.

Daftari la michoro

Anayesahihisha anataka kuona njia uliyopita. Kila wazo liwe na mchoro uliochorwa kwa kutazama kitu chenyewe, majaribio ya rangi, na maelezo ya uamuzi. Kuandika "nimetumia bluu" hakusemi kitu. Andika sababu: "Bluu nimeififisha kwa kuwa ilikuwa ikishindana na kichwa cha bango." Usirarue kurasa zilizokwenda vibaya, jaribio lililoshindwa, likiwa na sentensi moja ya kueleza kwa nini, lina thamani kuliko ukurasa uliopambwa. Daftari linalojazwa baada ya kazi kukamilika hujulikana mara moja: kalamu moja, mwandiko mmoja, na hakuna wazo lililoachwa njiani.

Rangi

Ukichanganya, anza na rangi angavu na uongeze nyeusi au iliyokolea kidogo kidogo. Ukianza na iliyokolea utamaliza kopo la njano bila kufika. Tumia vyombo viwili vya maji, kimoja cha kuoshea na kimoja safi. Nyeusi ikiingia kwenye njano hutoa kijani kilichofifia, hivyo ukitaka njano yenye kivuli ongeza kahawia au tone la zambarau.

Rangi ya posta (poster colour) iwe nzito kiasi cha kuficha mstari wa penseli, lakini brashi isikwame. Ikiwa nzito kupita hapo hupasuka ikikauka. Ikiwa nyepesi huacha michirizi. Changanya ya kutosha eneo zima, kwani rangi ikikuishia katikati ni vigumu mno kuipata ileile. Rangi ya maji huenda kinyume: weupe ni karatasi yenyewe, na unapaka kutoka rangi hafifu kwenda iliyokolea, kila tabaka likikauka kwanza.

Bango na herufi

Soma agizo na upigie mstari ukubwa, maneno yanayotakiwa, walengwa na idadi ya rangi. Agizo likisema rangi tatu, ya nne hukukosesha alama hata kama inapendeza. Chora michoro midogo minane ya sentimita 5 kwa 7, uwiano unaokaribia ule wa A3. Miwili mitatu ya kwanza huwa ni mawazo ya kila mtu, endelea.

Herufi zipangwe kwa jicho, rula ni ya mistari ya juu na chini tu. A na V zikifuatana zisogezwe karibu, I na H zikifuatana ziachiwe nafasi. O na S zivuke mistari kidogo, la sivyo zitaonekana ndogo kuliko wenzake. Ili neno lisibanwe mwishoni, liandike kwanza kwenye ukanda wa karatasi, likunje kupata kitovu chake, kisha lihamishie kwenye bango. Litazame ukiwa umbali wa mita 3.

Katika mtihani wa vitendo wa saa 3, dakika 30 za kwanza ziende kwenye mpangilio na vipimo, na 20 za mwisho ubaki bila kupaka maeneo makubwa, ili kazi ikauke. Namba yako iandike kwa penseli nyuma ya karatasi kabla hujaanza. Kuigeuza karatasi yenye rangi mbichi kunaharibu kazi iliyokwisha kukamilika.